Bata wa mayai dagaa wakiadimika

Kigoma tunalisha bata kwa kuangalia mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa tunaowalisha bata, na bei pale sokoni Kibirizi inapanda. Mwaka 2024 ndiyo tulibanwa hasa: Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Wiki ya kwanza niliwapa bata wangu 12 pumba tupu, nikijidai nabana matumizi. Mayai yakakatika.

Hatua ya 1: Mchanganyiko. Huu ni wa kilo 10, unawatosha bata 12 kwa siku tano hivi:

- mahindi yaliyoparazwa, kilo 3.5
- pumba za mahindi, kilo 2
- mashudu ya alizeti, kilo 2.5
- mashudu ya mise (kokwa za michikichi), gramu 800
- dagaa waliosagwa, nusu kilo
- makombe ya konokono yaliyopondwa au chokaa ya mifugo, gramu 700
- chumvi, gramu 30 (dagaa wakiwa wa chumvi, iache)

Protini inafika kama asilimia 16. Mise ni rahisi kupata huku kwetu, lakini ina nyuzinyuzi nyingi, usiitegemee peke yake. Mashudu ya karanga siyagusi kabisa. Yakiota ukungu yana sumukuvu, na bata huwahi kufa kwa sumu hiyo kuliko kuku.

Hatua ya 2: Mchwa badala ya dagaa. Tafuta kichuguu hai ambacho hakijapigwa dawa. Jaza chungu cha zamani mabua ya mahindi na mavi makavu ya ng'ombe, nyunyiza maji, kisha kifudikize juu ya njia ya mchwa jioni. Funika kwa majani ili jua lisikiwahi. Alfajiri kinyanyue upesi, ukung'utie ndani ya ndoo. Ukichelewa, siafu watakuwa wameshafika, nao wanauma hata mdomo wa bata.

Mchwa wabichi wana maji mengi, kwa hiyo nusu kilo ya dagaa inafidiwa na kama kilo 2 za mchwa. Kwa siku ni gramu 400. Mimi hutega vyungu vitatu, na kiangazi kikikaza naongeza cha nne, maana mchwa huzama chini. Usiwachanganye kwenye chakula cha kuweka stoo. Wamwagie bata wakiwa hai.

Siku ya kuwakosa, tia gramu 150 za soya iliyokaangwa na kusagwa. Mbichi hapana, inazuia protini kusagika tumboni.

Hatua ya 3: Badilisha taratibu, siku saba hivi. Bata ni mgomvi wa chakula kigeni.

Hatua ya 4: Maji. Lowesha unga uwe tepetepe, na beseni liwe na kina cha kuzamisha mdomo mpaka puani. Unga mkavu unawakaba.

Dagaa wakirudi, rudisha nusu kilo ileile. Niliwahi kuzidisha kwa furaha ya bei kushuka. Mama mmoja wa keki akanirudishia trei nzima, mayai yananuka shombo.