Pesa ya viza ya masomo isiguswe kwa siku 28

Kwa anayejiandaa kwenda kusoma Uingereza: kama unatakiwa kuonyesha pesa ya ada na ya kujikimu, lazima iwe imekaa benki siku 28 mfululizo. Salio likishuka chini ya kiwango hata siku moja, unaanza kuhesabu upya. Kwa hiyo kukimbilia kwa wajomba wiki ya mwisho hakusaidii kitu. Weka na ziada kidogo, maana kiwango ni cha pauni na sarafu huyumba. Halafu kuna ada ya afya (ya kutibiwa kwenye hospitali za umma za huko), pauni 776 kwa mwaka, na ya miaka yote ya viza inadaiwa kwa mkupuo unapoomba (hii ndiyo huwashtua wengi). Itengee fungu lake mapema. Akaunti ya mzazi inakubalika, ila ambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa.