Mimea ya ndani inayohimili winta, kwa ndugu zetu walioko Ulaya

Jamani mlioko Uingereza, kila Disemba mnatuma picha za mirehani iliyokauka dirishani, mrehani unataka jua na huko saa kumi jioni kiza kishaingia! Tafuteni mmea wa zizi (kwa Kiingereza ZZ plant), ule wa majani mazito yanayong'ara, asili yake pwani yetu hii hii ya Afrika Mashariki na Unguja umo. Chini una viazi vinavyoweka maji ndo mana unavumilia kiza na hewa kavu ya hita, winta mwagilia mara moja tu kila wiki 3 au 4 na utie kidole kwanza, udongo ukiwa na unyevu acha, mana maji mengi yanauozesha mizizi haraka sana. Usiugusanishe na kioo cha dirisha, chini ya digrii 15 unateseka. Wenye watoto wadogo wekeni juu, utomvu wake unawasha.

Mshubiri nao mzuri ila lazima dirisha la kusini lenye jua.

Mkitaka maua basi chukueni ua la Usambara, kwao milima ya Tanga, ukiliwekea taa linachanua hata winta, maji yawe vuguvugu na utie kwenye kisahani chini, ya baridi yakigusa majani yanaacha madoa.