Ploti yako ikipakana na mto jijini Nairobi: namna ya kuomba ruhusa ya kujenga

Wanaoniletea hatimiliki za ploti za kando ya mto huuliza jambo moja: "Soroveya, hizi mita za kuachwa wazi kando ya mto haziwezi kupunguzwa kidogo?" Kwa nyumba ya kupangisha, mimi sijaona zikipunguzwa. Ninachoona kikipita ni kazi ambayo haina pengine pa kukaa isipokuwa mtoni: daraja la kuingilia kwako, bomba la majitaka linalovuka, mtaro wa maji ya mvua, gabioni (masanduku ya waya yaliyojazwa mawe) za kuzuia ukingo usiporomoke. Kama ombi lako ni la aina hiyo, endelea kusoma. Kama unataka vyumba kumi na viwili juu ya mto wa Kirichwa, okoa pesa zako.

Mlango wenyewe ni kifungu cha 42 cha sheria ya mazingira ya 1999, ile tunayoiita EMCA. Kinakataza mtu kujenga, kubadilisha au kubomoa chochote mtoni, kuchimba, au kuziba na kugeuza mkondo, mpaka apate idhini ya maandishi ya Mkurugenzi Mkuu wa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, nayo hutolewa baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Barua inatangulia, tingatinga linafuata. Dalali akikwambia "tumeshaongea na watu wa kaunti", mwambie akuonyeshe hiyo barua.

Kabla ya fomu yoyote, pima. Kanuni za maji za 2007 ziliweka kipimo ambacho wengi bado hukitaja nusunusu: kila upande wa mto, ukanda wa kuachwa wazi ni sawa na upana wa mto wenyewe, usipungue mita 6 wala usizidi mita 30. Kijito cha mita 4 kinakudai mita 6. Mto wa mita 12 unakudai 12. Ila tangu mafuriko ya 2024, wakati serikali ilipoamuru watu wahame mita 30 kutoka mitoni, hiyo 30 ndiyo namba iliyo vichwani mwa maofisa. Chora mistari yote miwili kwenye ramani yako, wa kanuni na wa mita 30, uonyeshe kazi yako inakaa wapi kwa kila mmoja.

Kipimo huanzia juu ya ukingo, si kwenye maji, na hapo ndipo kesi nyingi huharibikia. Jirani alimwaga vifusi na maramu miaka mitano iliyopita, akajenga ukuta wa mawe, sasa anapima kuanzia kwenye ukuta wake. Ofisa wa maji akija hatazami ukuta. Atashuka hadi chini, atazame udongo unapobadilika rangi kutoka mweusi wa mfinyanzi kwenda ule mwekundu wa kumwagwa wenye vipande vya vigae, kisha ainue macho kwenye matawi. Matambara na mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye miti inamwambia maji yalifika wapi. Mifuko ilipigwa marufuku 2017, lakini mtini bado ipo, na ni shahidi mbaya kwako. Kwa hiyo mwite soroveya mwenye leseni afufue bikoni, yaani alama za mipaka ya ploti, kisha iandikie Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, waje waweke vigingi vyao ukiwapo. Piga picha kila kigingi, utepe wa kupimia ukionekana.

Karatasi zenyewe hazisumbui kama watu wanavyodhani. Mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa na NEMA huandaa ripoti. Wewe unatoa nakala ya hatimiliki, matokeo ya utafutaji rasmi (search) wa hivi karibuni kutoka ofisi ya ardhi, ramani yenye vigingi, na michoro ya mhandisi. Palipo na uzito ni ukurasa mmoja ambao wengi hujaza kwa haraka, ule wa njia mbadala. Usiandike "hakuna njia nyingine." Andika kwamba daraja likisogezwa mita ishirini juu linagusa miti mikubwa ya asili, na likisogezwa chini linaingia kwenye kona ambapo mto hupanuka mvua za Aprili. Onyesha maji ya mafuriko yatapita chini yake bila kuzibwa. Majirani wa chini watahojiwa, na mama anayelima sukuma wiki mtaa wa pili ana haki ya kupinga kama wewe una haki ya kuomba.

Kazi za mtoni huhitaji pia kibali cha WRA, na ujenzi wote huhitaji ruhusa ya kaunti chini ya sheria ya mipango ya 2019. Sheria hiyo ina kifungu kitamu: kaunti ikinyamaza siku 60, ruhusa inahesabika imetolewa. Usikitegemee. Kimya cha kaunti hakikupi barua ya NEMA. Kumbuka Agosti 2018, Ukay pale Westlands na South End kwenye barabara ya Lang'ata yaliangushwa kwa kukaa kwenye ukanda wa mto, na yalikuwa majengo ya biashara yaliyozoeleka, si vibanda.

Ukikataliwa, hesabu siku tangu tarehe ya uamuzi. Uamuzi wa kaunti unapingwa kwenye kamati ya upatanishi ya mipango ndani ya siku 14, muda unaoisha kabla wakili hajamaliza kusoma faili. Uamuzi wa NEMA unakwenda kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira, na huko una siku 60.

Ukikubaliwa, soma masharti ya leseni ya NEMA mstari kwa mstari na fundi wako, hasa yale ya miti na ya mahali pa kumwaga udongo. Na ukiuza ploti kazi ikiwa katikati, leseni haihami yenyewe pamoja na hatimiliki: wewe na mnunuzi mnapaswa kumwarifu Mkurugenzi Mkuu kwa maandishi, kwa pamoja, ndani ya siku 30.