Kuandika meseji ukiwa na disleksia

Nauza vitenge Ngamiani, Tanga, na oda nyingi huingia kwa simu. Siku moja niliandika kwenye kundi la wateja: "Nitatela mzigo kesho." Mmoja akajibu, "Rudi darasa la kwanza." Nililimaliza, bwana! Herufi ndizo hunichenga.

Disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno, si uvivu wala ujinga. Jina hilo alilitoa daktari Mjerumani, Rudolf Berlin, mwaka 1887. Kiswahili kinatuhurumia kidogo kwa kuwa kinaandikwa kinavyotamkwa. Kinachotutesa zaidi ni kusoma polepole, na yale maneno marefu.

Neno kama "hatukuwapelekea" likate kwanza. Mimi huliandika kwa penseli nyuma ya daftari la madeni: ha-tu-ku-wa-pelekea. Nagonga meza kwa kidole kila kipande, ndipo nalihamishia kwenye simu. Kabla ya kutuma nasoma kwa sauti, taratibu kama mtu anayehesabu chenji. Jicho langu huipita "nitatela", sikio huikamata.

Kama simu yako inajisahihishia maneno kwa Kiingereza, zima hicho kisahihishi kabisa, kitakuaibisha zaidi. Habari ndefu tuma kwa sauti. Idadi iandike kwa tarakimu na kwa maneno, maana 12 na 21 zimeshanila hela.

Na wewe unayepokea, ukielewa, jibu kilichosemwa. Usipoelewa, muulize pembeni. Shangazi yangu wa Pangani hunipigia tu: "Mwanangu, hapa ulitaka kusema nini?" Namwambia, anacheka, tunaendelea na bei.