SOMO: Kuapdeti WordPress bila kuua blogu yako, na namna ya kulalamika ukasikilizwa

Wadau wa kusini habari zenu. Toleo jipya la WordPress, ile programu inayoendesha blogu zetu, likitoka tu inboksi yangu inajaa "mkuu hii kitu imeharibika", nikiuliza imeharibikaje najibiwa "yaani haifai kabisa". Sasa hapo hata aliyeitengeneza atakusaidia nini? Twende taratibu.

HATUA YA 1: Bakapu. Ni vitu viwili, mafaili (hasa folda ya wp-content, ndo ina picha, themu yaani sura ya blogu, na plagini yaani programu zako za nyongeza) na databesi ambayo ndo ina maandishi. Wengi wanashusha mafaili tu wanajiona wako salama, kumbe posti zote ziko kwenye databesi. Plagini ya UpdraftPlus inabeba vyote, ila nakala usiiache kwenye seva hiyohiyo, yaani kompyuta ya mtandaoni inayohifadhi blogu, itupe Google Drive au hata kwenye flashi.

HATUA YA 2: Angalia namba. Yenye nukta mbili, mfano 5.5.1, ni marekebisho madogo na usalama, na tangu toleo la 3.7 mwaka 2013 hizo zinaingia zenyewe, usizizuie. Yenye nukta moja ndo kubwa. Kama blogu yako inaweka bei za korosho usije ukaapdeti kubwa asubuhi ya mnada, watu wa Newala na Tandahimba wanakusubiri wewe halafu wanakuta ukurasa mweupe.

HATUA YA 3: Mimi naapdeti plagini na themu kwanza, WordPress baadaye. Fupi tu hiyo.

HATUA YA 4: Kitu kimegoma? Tafuta mchawi kabla hujamtukana mtu, na mara nyingi mchawi ni plagini au themu. Weka plagini inaitwa Health Check & Troubleshooting, ina hali ya kuzima plagini zote kwako wewe tu, wasomaji wanaendelea kuona blogu kama kawaida. Washa moja moja. Juzi kuna jamaa wa Masasi jedwali lake la bei, daraja la kwanza na la pili, kitufe cha kuongeza mstari hakibonyezeki kabisa, tukabonyeza F12 tukafungua Console, sehemu ya brauza inayoonyesha makosa ya ukurasa, pale kuna mstari mwekundu una jina la plagini ya slaidi ambayo haihusiani na jedwali wala nini! Tukaizima, kitufe kikafufuka. Agosti 2020 ilikuwa hivyohivyo kwa wengi, toleo la 5.5 lilikuja bila jQuery Migrate, kodi iliyokuwa inazibeba plagini za kizamani, vitufe vikafa dunia nzima na lawama zote zikaenda WordPress.

HATUA YA 5: Andika ripoti. Ulifanya nini, ulitegemea nini, kikatokea nini, basi. Mfano: "Nimefungua posti mpya, nimeweka bloku (kipande cha posti) ya jedwali, nimebonyeza kuongeza mstari, haujaongezeka. Plagini zote zimezimwa, themu ni ile ya WordPress yenyewe." Halafu nenda Tools, Site Health, sehemu ya Info, kuna kitufe cha kukopi taarifa zote za blogu, bandika chini. Tatizo la plagini peleka ukurasa wa msaada wa plagini hiyo, la ediita ya bloku (pale unapoandikia posti) peleka ukurasa wa Gutenberg, ndo jina la mradi wa ediita hiyo, kwenye tovuti ya GitHub, la WordPress yenyewe peleka Trac, daftari lao la matatizo mtandaoni. Ila ukigundua tundu la usalama usilianike hadharani, lina njia yake, tovuti ya HackerOne, unaripoti kwa siri.

Na "siipendi" nayo ni maoni, ila sema kazi gani imekuwa ngumu. Ediita ya bloku ilipoingia na 5.0, Desemba 2018, watu walimwaga nyota mojamoja na matusi, mengi hayana hata sentensi moja ya kufanyia kazi. Wasioitaka waliwekewa Classic Editor, plagini inayorudisha ediita ya zamani, ikasemwa itatunzwa mpaka mwisho wa 2021, ikasogezwa mbele, mpaka leo watu wanaitumia.

MASWALI

Mdau wa Tandahimba: Umeme umekatika katikati ya apdeti, sasa blogu inasema iko kwenye matengenezo. Nimekwisha?

Hujaisha mkuu. Apdeti inafanyika kwenye seva, sio kwenye laptop yako. Subiri kama dakika 10 hivi, ikigoma ingia cPanel, paneli ya hosti wako ya kusimamia mafaili, ufute faili linaitwa .maintenance, linaanza na nukta kwa hiyo ruhusu kuona mafaili yaliyofichwa. Kisha rudia apdeti.

Dada wa Lindi mjini: Shikamoo mwalimu. Mimi skrini nyeupe na hata kulogini siwezi.

Marahaba. Cheki imeili ya admini, tangu 5.2 WordPress inatuma linki ya kuingilia hali ya dharura. Haipo? Badilisha jina la folda ya plugins iite chochote, zote zitazimika utaingia. Ukishaingia rudisha jina, uwashe moja moja.

Mdau wa Mikindani: Kiingereza changu cha kuombea maji, hiyo ripoti nitaiandikaje?

Sentensi fupi fupi kaka, na video ya skrini ya nusu dakika. Wanachotaka ni kuona kitu kinagoma, sarufi hawana shida nayo.

Mdau wa Nachingwea: Naweza kulijaribu toleo kabla halijatoka?

Ndiyo, kwa plagini ya WordPress Beta Tester, ila sio kwenye blogu yako ya kazi! Huna blogu ya pembeni, fungua WordPress Playground, inakimbia ndani ya brauza bila hosti. Bando tu liwe la kutosha.