Kayaki ya kujaza upepo: anza na mgongo wako, bei iwe ya mwisho

Kila nikishuka ufukweni Kunduchi, Dar, na begi mgongoni lazima mtu aniulize humo ndani kuna nini, nikimwambia mtumbwi anacheka, dakika kumi baadae akiuona umejaa upepo unaelea anauliza bei. Mi bei siitaji kwanza. Namuuliza unakaa wapi, maji yako wapi, na hapo katikati utapanda nini. Maana hizi kayaki tunanunua ili tusihitaji gari lenye keria wala chumba cha kuhifadhia dude la mita tatu, afu mtu anaenda kubeba la kilo ishirini na tano ambalo hata bodaboda anakataa, sa faida iko wapi?

Uzito ulioandikwa kwenye boksi usiumeze mzima mzima. Mara nyingi ni wa boti tupu. Weka juu yake pampu, kasia, siti, laifu jaketi, maji ya kunywa na begi lenyewe, boti ya kilo 12 unajikuta umebeba 17 au 18, na hapo bado kavu. Ya kwangu ya kwanza nilinunua kwa kuangalia picha, bei poa, nzuri kabisa ya rangi ya machungwa. Siku ya tatu nikatoka nayo mchana mwezi wa saba, kusi inavuma, mi najua nini, nikaona kwenda ni raha kweli, kasia nagusa tu inateleza. Kugeuza sasa nirudi. Napiga kasia pua inakwenda kushoto, napiga tena inakwenda kulia, kusonga haisongi, na huku upepo unanisukuma kaskazini taratibu kama mtu anayesindikiza mgeni. Nikaja kutua Ununio. Nikaitoa upepo, nikaikunja ikiwa na maji na mchanga humo kwenye mikunjo, mabega yanawaka, wa bajaji akaangalia lile begi linavyochuruzika akaniambia "bro, hiyo siti nimeivalisha kava jana". Nililipa mara mbili.

Siku ile nilijifunza mambo mawili kwa mpigo, uzito wa kurudi nao na upepo, na mpaka leo ndo navyotumia kuchagua. Pima begi lako kwa hesabu ya ikiwa imelowa.

Kwa makadirio yangu, kuna zile ndogo za kuingia kwenye begi la mgongoni, paketirafti, kilo mbili mpaka nne hivi, raha tupu kubeba ila ni fupi na pana, kwenye ziwa lenye upepo zinazunguka kama sufuria. Za mtu mmoja za kawaida zinacheza kilo 10 mpaka 14. Za watu wawili kilo 14 mpaka 18, mfano Intex Explorer K2 ambayo watu wengi wanaanzia hapo, ina urefu wa sentimita 312 na inabeba mpaka kilo 180. Hiyo 180 ni pamoja na mizigo, na ukiijaza mpaka mwisho inakaa chini majini na inakuwa nzito kuiendesha, mi nashauri usizidi robo tatu ya kilichoandikwa. Zaidi ya kilo 20 waachie wenye gari.

Sasa upepo. Kayaki ya kujaza inakaa juu ya maji kama jani, haina uzito wa kuishika, kwa hiyo upepo ndo adui yako namba moja kabla ya mawimbi. Cha kuangalia ni urefu na pezi. Mita tatu na kitu inanyooka vizuri kuliko ya mita mbili na nusu, na pezi lile dogo linalochomekwa chini kwa nyuma ndo linazuia pua isiyumbe, ile yangu ya kwanza lilikuwepo kwenye boksi nikaliacha nyumbani nikidhani ni urembo 😂. Pezi liwe la kutoka, maana kwenye maji mafupi litakwama kwenye mchanga. Upana nao, sentimita 80 hadi 90 unakaa bila hofu hata kama ni mara yako ya kwanza, ila kadri ilivyo pana ndivyo ilivyo nzito kwenda.

Sakafu ndo mahali bei inapopandia. Za bei rahisi sakafu ni mirija ya upepo kama godoro la kuogelea, presha PSI (kipimo cha presha) 1 hadi 3, ukikaa katikati inabonyea kama ndizi. Za bei juu zina sakafu ya dropstichi, yaani matabaka mawili yameunganishwa kwa ndani na maelfu ya nyuzi ili ukijaza presha kubwa isivimbe kama mpira, ibaki bapa ngumu kama ubao, PSI 6 mpaka 10 au zaidi. Tofauti unaisikia kwenye kasia la kwanza. Kama hela inatosha kitu kimoja tu cha ziada, weka hapo kwenye sakafu, pembeni mirija ya kawaida inatosha.

Ila hiyo presha iheshimu, hasa kwenye jua letu. Ukiijaza asubuhi kwenye nyuzi 25 ikafika PSI 8, ukaiacha juani ikachemka mpaka nyuzi 50, geji, ile saa ya kupimia presha, itasoma karibu 10 bila wewe kugusa kitu. Kwa hiyo ukipumzika ufukweni ivute kivulini au ipunguze kidogo. Na kinyume chake, ukiiingiza majini inapoa inalegea, unaongeza, sio kwamba imetoboka. Nunua pampu yenye geji, kubonyeza kwa dole gumba ni kubahatisha.

Haya, maji yenyewe. Kwenye bahari yetu cha kwanza ni kujua maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi, siku za bamvua maji yanakimbia mbali sana, unatoka asubuhi umepakana na maji unarudi mchana unakuta eneo zima ni mchanga na mawe na boti unaibeba kichwani, hapo utaikumbuka ile hesabu ya kilo. Kwenye mikoko hatari ya boti ni chaza walioshika kwenye mizizi, wana makali kama wembe, kwa hiyo tumbo la boti liwe PVC nene yenye nyuzi ndani, sio plastiki laini ya bwawa la watoto. Kipindi kizuri cha kujifunza ni maleleji, kusi imeisha na kaskazi haijashika. Na usiku mwema kwa mtu anayetaka kuvuka kwenda kisiwa cha Mbudya peke yake na boti ya plastiki laini, mi simo.

Ziwani ni tofauti. Ziwa Duluti pale Tengeru ni dogo, limezungukwa na miti, hapo hata boti ya bei rahisi inatamba. Ziwa Victoria ni habari nyingine, asubuhi limetulia kama kioo, mchana upepo unaamka na mawimbi mafupi mafupi yanayogonga ubavu, na kuna kichocho. Kwa hiyo kule usichukue zile zenye matundu sakafuni ya kujitoa maji zenyewe, zimetengenezwa kwa maporomoko, kwenye maji tulivu unakaa matako na miguu vimelowa muda wote. Kama umeipenda hivyo hivyo, hakikisha matundu yana vizibo. Mtoni nenda na mtu anayejua viboko wanalala wapi, kayaki nyepesi mbele ya kiboko haina hadithi. Na maji ya kasi kama Nile kule Jinja yanataka boti yake na mwalimu wake, hii ya kila mahali haihusiki.

Kasia chukua la vipande vinne, la viwili linachomoza kwenye begi na kwenye daladala utamchoma mtu jicho. Hakikisha kuna vyumba vya upepo visivyopungua vitatu vinavyojitegemea, kimoja kikitoka vingine vinakurudisha. Laifu jaketi ya kweli ya kuvaa, sio boya la kujipuliza kwa mdomo. Ukitoka chumvini osha kwa maji yasiyo na chumvi, kausha hadi kwenye mikunjo ndo ukunje, na funga valvu kabla ya kuiburuta, punje moja ya mchanga kwenye valvu itakuvujishia siku nzima.

Dukani usikubali kuondoka nayo ikiwa imekunjwa. Mwambie muuzaji ijazwe pale pale, nenda kanywe chai, ukirudi baada ya saa moja au mbili ibonyeze, halafu chukua sabuni ya kuoshea vyombo koroga povu upake kwenye valvu na kwenye maungio yote. Povu likianza kutoa vipovu vidogo vidogo hata mahali pamoja, mrudishie. Atakwambia "hiyo ni kawaida bosi, ikizoea inakaza". Haikazi.