Kupima jani la ginko maabara: tazama vilele kabla ya kuamini asilimia

Kopo la ginko likiandikwa "flavonoidi asilimia 24", wengi huridhika. Mimi siridhiki mpaka nione kromatogramu yake, yaani mchoro wa mashine unaoonyesha kila kemikali kama kilele, na sababu utaiona kwenye hatua ya pili. Nawaandikia wanafunzi wa famasia na kemia wenye mashine ya HPLC, ile inayotenganisha kemikali za kwenye kimiminika na kupima kila moja, na msimamizi karibu. Kuchemsha asidi si kazi ya kujaribia jikoni.

Kwanza ujue unatafuta nini. Jani la Ginkgo biloba, mti wenye asili ya China, lina makundi mawili yanayopimwa sana. La kwanza ni flavonoidi, yaani kuersetini, kaempferoli na isoramnetini zikiwa zimefungwa na sukari. La pili ni terpeni laktoni: ginkolidi A, B na C pamoja na bilobalidi. Muundo wa ginkolidi ulitangazwa mwaka 1967 na Koji Nakanishi na wenzake huko Japani, na mwaka 1988 maabara ya E. J. Corey nchini Marekani ikaweza kuitengeneza ginkolidi B tangu mwanzo. Zile asilimia 24 za flavonoidi na 6 za terpeni ni za kimiminwa kilichokolezwa, yaani dutu iliyotolewa kwenye jani na kukolezwa, hasa kile cha Kijerumani kiitwacho EGb 761. Si za jani. Jani kavu, kwa Farmakopia ya Ulaya, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, linatakiwa kufikisha asilimia 0.5 tu ya flavonoidi. Anayekuuzia unga wa jani akidai una asilimia 24, muulize vizuri.

Hatua ya 1: Andaa jani. Tumia jani la kijani. Lile la manjano lililoanguka linapendeza, lakini kemia yake imeshabadilika. Kausha kivulini, saga, chekecha, kisha pima gramu 2.5. Mbegu zisiingie hata moja, kwani zina ginkotoksini, sumu inayovuruga kazi ya vitamini B6 na kuweza kuleta degedege.

Chemsha unga huo kwa nusu saa ndani ya asetoni ya asilimia 60, kondensa ikiwa juu ya chupa ili mvuke urudi. Chuja, rudia na masalia, halafu unganisha ulichochuja mara zote mbili.

Hatua ya 2: Piga picha kabla ya kutia asidi. Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo udanganyifu hujificha. Chukua sehemu ndogo ya ulichochuja, ipitishe kwenye safu ya C18, lile bomba la HPLC linalotenganisha kemikali, usome kwenye nanomita 350 hivi. Jani halisi hutoa msitu wa vilele: glikosidi nyingi, yaani flavonoidi zilizofungwa na sukari, zimebanana, hakuna mmoja unaowameza wenzake. Ukiona mnara mmoja mrefu na vijilele vya huruma pembeni, shuku rutini, ambayo ni kuersetini iliyofungwa na sukari.

Kisa chake ni bei. Rutini hupatikana kwa wingi kwenye machipukizi ya maua ya sofora, mti mwingine wa China, na ni rahisi kuliko ginko. Ukiitia asidi inageuka kuersetini, na kuersetini ndiyo hiyo hiyo unayokwenda kuihesabu kwenye hatua ya tatu. Kwa hiyo mchakachuaji anaongeza rutini, asilimia zinatimia 24, cheti kinatoka safi. Ginko ina rutini yake ya asili, kweli, ila kidogo. Farmakopia ya Marekani inaiwekea kimiminwa kikomo cha asilimia 4. Soma pia kwenye nanomita 260: genisteini ikijitokeza wazi, sofora imo.

Hatua ya 3: Vunja sukari. Vukiza asetoni, ongeza methanoli na asidi hidrokloriki, funga kwenye chupa ya rangi ya kahawia, weka kwenye maji yanayochemka kwa dakika 25. Ipoe, kisha pitisha kwenye HPLC kwa nanomita 370. Sasa msitu umekuwa vilele vitatu: kuersetini, kaempferoli, isoramnetini.

Hatua ya 4: Hesabu. Jumlisha vitatu hivyo, zidisha kwa 2.51 ili kurudisha uzito wa sukari uliyoiondoa. Mfano, ukipata asilimia 0.30 kwa jumla, jibu ni 0.75, na jani limepita. Usiishie hapo. Linganisha kuersetini na kaempferoli. Kwenye ginko safi maeneo ya vilele vyao hukaribiana. Kuersetini ikizidi mara mbili au tatu, rudi hatua ya pili.

Hatua ya 5: Terpeni. Hizi karibu hazinyonyi mwanga wa urujuanimno, hivyo kigunduzi cha kawaida hakizioni. Tumia cha mtawanyiko wa mwanga au spektrometa ya masi. Epuka mazingira ya alkali, maana bilobalidi huharibika.

Hatua ya 6: Asidi za ginko. Huleta mzio, na kimiminwa hakiruhusiwi kuzidi sehemu 5 kwa milioni. Chai ya jani ghafi haijapita kichujio hicho, ndiyo maana siipendekezi.

Matokeo yako yanaeleza kilichomo, hayasemi kama kinatibu. Hilo hupimwa kwa watu. Jaribio la GEM la Marekani, lililochapishwa mwaka 2008, liliwapa wazee zaidi ya 3,000 miligramu 120 mara mbili kwa siku au kidonge cha kuigiza, na ginko haikupunguza idadi ya waliopata ugonjwa wa kusahau. Ukisoma jaribio lolote la namna hiyo, anza na kifungu kinachotaja kimiminwa kilichotumika. Kama hakijatajwa, huwezi kulilinganisha na chupa iliyo mezani kwako. Na kwenye ripoti ambatanisha kromatogramu zote mbili, ya kabla ya asidi na ya baada.